Bibi Dian Fossey na Gorila wa Milimani



Wewe mkulima wa Dutumi unawafahamu vizuri nyani na ngedere. Hukuhitaji kitabu ili kuwajua. Umelala dunguni ukilinda mahindi. Umepiga debe alfajiri, na bado umekuta magunzi yametapakaa shambani. Ukisikia kwamba kuna mtu aliyeacha kazi yake, ndugu zake na nchi yake ili aende kukaa msituni na wanyama wanaofanana na hao, pengine utacheka.

Hata hivyo, mtu huyo alikuwako. Alikuwa mwanamke wa Kimarekani, na jina lake ni Dian Fossey. Alifanya kazi yake katika milima ya Rwanda, nchi iliyo jirani yetu. Alianza mwaka 1967. Aliuawa huko mwaka 1985, na huko huko alizikwa.

Habari za maisha yake zitatufundisha mambo mawili. Kwanza, tutajua jinsi gorila wanavyoishi. Pili, tutaona ugumu wa kuwalinda wanyama wa msituni mahali ambapo watu nao wanahitaji shamba, kuni na kitoweo. Jambo hili la pili si geni kwako.

1. GORILA NI MNYAMA GANI

Gorila ni ndugu wa sokwe. Hana mkia kama nyani. Mikono yake ni mirefu kuliko miguu. Akitembea huinama na kukanyaga kwa viungo vya vidole vya mikono, kama mtu aliyekunja ngumi. Wanyarwanda humwita ingagi.

Gorila ndiye mkubwa kuliko wanyama wote wa jamii ya sokwe na nyani. Dume wa milimani aliyekomaa anaweza kuwa na uzito wa kilo 160 au zaidi. Chukua magunia mawili ya mahindi uyaweke pamoja, utapata picha ya uzito wake. Jike ni mdogo zaidi, karibu nusu ya dume.

Tanzania hatuna gorila. Tunao sokwe, kule Gombe na Mahale, kando ya Ziwa Tanganyika. Gorila wa milimani wanapatikana mahali pawili tu duniani. Mahali pa kwanza ni milima ya Virunga, ambako nchi za Rwanda, Uganda na Kongo zinapakana. Mahali pa pili ni msitu wa Bwindi katika Uganda, na sehemu ya Kongo iliyoungana nao.

Wataalamu wa Ulaya walipata habari za gorila hawa mwaka 1902. Wakati huo Tanganyika, Rwanda na Burundi zilikuwa koloni moja la Wajerumani. Ofisa mmoja wa Kijerumani, Robert von Beringe, alipanda mlima Sabyinyo akawaua gorila wawili kwa bunduki. Bila shaka wenyeji walikuwa wakiwajua wanyama hao tangu zamani. Lakini baada ya habari hiyo kufika Ulaya, watu wengi walikuja kuwawinda. Wengine walitaka mafuvu, wengine walitaka watoto wa gorila wa kuweka katika bustani za wanyama. Ndipo mwaka 1925 Wabelgiji, waliotawala huko, walipotenga hifadhi ya taifa katika milima hiyo. Hiyo ilikuwa hifadhi ya taifa ya kwanza katika Afrika.

2. UTOTO NA KAZI YAKE YA KWANZA

Dian Fossey alizaliwa tarehe 16 Januari 1932 katika mji wa San Francisco, Marekani. Alipokuwa bado mtoto mdogo, baba na mama yake waliachana. Mama yake akaolewa tena. Baba wa kambo alikuwa mtu mkali, na nyumba ile haikuwa na furaha nyingi kwa mtoto. Dian alipenda wanyama, lakini hakuruhusiwa kufuga ila samaki mmoja mdogo katika chombo cha maji. Samaki huyo alipokufa, alilia sana.

Alipokuwa msichana alitaka kuwa daktari wa mifugo. Alianza masomo hayo katika chuo kikuu, lakini masomo ya sayansi yalimshinda. Basi akabadili, akasomea kazi ya kuwasaidia watu wenye ulemavu wajifunze kutumia viungo vyao. Alimaliza mwaka 1954. Kisha akapata kazi katika hospitali ya watoto walemavu mjini Louisville. Watoto wengi wa pale walikuwa wameugua polio. Kazi ile ilimfundisha subira. Alijifunza kukaa kimya na mtoto mwoga mpaka amzoee. Subira hiyo ilimsaidia sana baadaye, ingawa yeye mwenyewe hakujua bado.

3. SAFARI YA KWANZA AFRIKA

Bibi Fossey alitamani kuiona Afrika, lakini hakuwa na fedha. Mwaka 1963 alikopa benki fedha nyingi, akasafiri kwa majuma saba. Alipita Kenya, akaingia Tanganyika. Huko alifika Bonde la Olduvai, ambako Dakta Louis Leakey na mkewe Mary walikuwa wakichimba mifupa ya watu wa kale. Kwa bahati mbaya Bibi Fossey aliteleza bondeni akaumia kifundo cha mguu. Majuma mawili baadaye, mguu ukiwa bado unauma, alipanda milima ya Virunga upande wa Kongo, akitembea kwa fimbo.

Siku aliyowakuta gorila, alianza kwa kusikia harufu yao. Halafu akasikia ukelele mkubwa. Mwisho akawaona, weusi ndani ya majani mabichi, nao wakimtazama. Tangu siku ile hakuwasahau. Alirudi kwao Marekani akaendelea na kazi ili alipe deni.

Mwaka 1966 Dakta Leakey alikwenda Louisville kuhutubia. Bibi Fossey alimfuata akazungumza naye. Leakey alikuwa akimtafuta mtu wa kukaa na gorila kwa miaka mingi na kuandika mienendo yao. Tayari alikuwa amempeleka Bibi Jane Goodall kukaa na sokwe wa Gombe mwaka 1960. Hakujali kwamba Bibi Fossey hakusomea elimu ya wanyama. Aliona kwamba subira na moyo wa kazi ni mambo makubwa zaidi.

Angalia jambo hili, ndugu msomaji. Wakati huo Bibi Fossey alikuwa na umri wa miaka 34. Watu wengi wangesema kwamba umri wa kuanza masomo mapya umempita. Yeye hakuona hivyo.

4. KABARA

Mwisho wa mwaka 1966 alifika Nairobi. Kabla ya kwenda mlimani alipita Gombe, akakaa siku chache akiona jinsi Bibi Goodall anavyofanya kazi. Kisha akaendelea na safari mpaka Kongo. Mwezi Januari 1967 alipiga hema lake Kabara, chini ya mlima Mikeno.

Rafiki aliyempeleka aliporudi zake, Bibi Fossey alibaki na wafanyakazi wenyeji waliosema Kiswahili. Yeye Kiswahili hakukijua, ila maneno machache. Siku ile ile mfanyakazi mmoja alimjia akamwambia neno. Bibi Fossey hakuelewa. Akaogopa, akadhani anatishwa. Alikimbilia hemani akajifungia, akalia. Baada ya saa nzima ndipo alipoelewa maana ya yale maneno. Yule bwana alikuwa amemuuliza tu kama anapenda maji ya moto!

Bibi Fossey hakuona haya kuanza kujifunza. Alijifunza Kiswahili kutoka kwa wafanyakazi wake. Alijifunza pia kusoma nyayo, na mwalimu wake mkubwa alikuwa mzee Sanwekwe, Mkongo aliyeujua msitu tangu utoto wake. Mzee huyu alimwonyesha jinsi ya kutazama jani lililokunjwa, mavi ya moto na ya baridi, na majani yaliyolazwa upande gorila walikoelekea. Hayo ni masomo yasiyoandikwa kitabuni, lakini bila ya hayo vitabu vya Bibi Fossey visingeandikwa.

Miezi sita tu ilipita. Kongo kulikuwa na machafuko ya kivita. Mwezi Julai 1967 askari walipanda mlimani wakamteremsha, wakamzuia katika kambi yao ya Rumangabo. Alikaa kizuizini kwa karibu majuma mawili. Ndipo akapata hila. Aliwaambia walinzi kwamba gari lake linahitaji kuandikishwa Kisoro, Uganda, na kwamba huko atawapa fedha. Walikubali kumsindikiza. Walipofika Kisoro alikimbilia katika hoteli ya mtu aliyemjua, na askari wa Uganda wakawakamata wale walinzi.

5. KARISOKE

Wengi walimshauri arudi kwao. Yeye alizunguka milima, akaingia upande wa Rwanda. Tarehe 24 Septemba 1967 alianzisha kambi nyingine kati ya milima miwili, Karisimbi na Visoke. Alichukua mwanzo wa jina la mlima mmoja na mwisho wa jina la mlima wa pili, akaunganisha. Kambi ikaitwa Karisoke.

Mahali pale pana urefu wa mita 3,000 hivi juu ya usawa wa bahari. Si mahali pa mtu wa pwani. Kuna baridi kali, mvua nyingi na ukungu. Nguo hazikauki. Matope hufika magotini, na majani yawashayo huchoma hata kupita katika suruali. Bibi Fossey aliogopa kupanda mahali pa juu, na alisumbuliwa na pumu. Lakini alipanda. Wenyeji walimpa jina la Nyiramachabelli. Husemekana kwamba maana yake ni mwanamke akaaye peke yake mlimani.

6. ALIYOJIFUNZA KWA GORILA

Mwanzoni gorila walimkimbia kila walipomwona. Aliona kwamba akisimama wima na kuwafuata, wanaogopa. Basi akaanza kuwaiga. Alitambaa kwa magoti na ngumi. Alijikuna kama wao. Alitafuna majani waliyoyala. Aliigiza sauti ya chini wanayoitoa wakiwa wameshiba, kama mtu anayesafisha koo. Alijikalisha mahali wanapoweza kumwona, wala hakuwasogelea ghafla. Miezi ikapita. Pole pole walianza kumzoea.

Aliwatambua mmoja mmoja kwa pua zao. Mikunjo iliyo juu ya pua ya gorila haifanani na ya mwenziwe, kama vile alama ya dole gumba lako isivyofanana na ya jirani yako. Alichora pua hizo katika daftari na kuandika majina. Baadhi aliwapa majina ya Kiswahili. Jike mmoja mwenye macho makubwa mazuri aliitwa Macho. Mtoto wake aliitwa Kweli. Mwingine aliitwa Simba.

Haya ndiyo baadhi ya mambo yanayojulikana sasa kwa sababu ya kazi yake na ya wataalamu wenzake:

Gorila huishi kwa familia. Kiongozi ni dume mkubwa. Dume akifika umri wa miaka 12 au 13 hivi, manyoya ya mgongo wake hugeuka kuwa meupe kama mvi. Dume huyu mwenye mvi ndiye anayeamua familia iende wapi, ile wapi na ilale wapi. Wadogo wakigombana yeye huwatuliza. Adui akija, yeye husimama mbele.

Gorila hawali nyama kama simba. Hula majani, mabua, mizizi na machipukizi ya mianzi. Pengine hula sisimizi. Maji wanayahitaji kidogo tu, kwa sababu majani wanayokula yana maji mengi.

Kila jioni kila gorila hujitengenezea kitanda kwa kukunja majani na matawi. Mtoto mchanga hulala na mama yake. Kesho yake huhama na kutengeneza vitanda vingine. Kwa hiyo mtu akihesabu vitanda asubuhi, anajua familia ile ina watu wangapi, kama tunaweza kusema watu.

Jike huchukua mimba kwa miezi minane na nusu hivi. Huzaa mtoto mmoja, na hukaa karibu miaka minne kabla ya kuzaa mwingine. Kwa hiyo gorila wakiuawa, idadi yao hairudi upesi. Ng'ombe mmoja akifa zizini, unaweza kupata ndama mwakani. Gorila sivyo.

Watu wa zamani walimhadithia gorila kama jitu linalorarua watu. Bibi Fossey aliona vingine. Dume akikasirika hupiga kifua kwa viganja, hung'oa majani, hupiga kelele na kukimbia mbele kama anayetaka kuua. Lakini mara nyingi hayo ni matisho tu. Mtu akiinama na kutulia, dume husimama na kurudi. Gorila hutaka kuachwa na amani na familia yake.

Mwaka 1970 dume kijana aitwaye Peanuts alimsogelea Bibi Fossey, ambaye alikuwa amelala chali akiwa amenyosha mkono. Peanuts alimtazama, kisha akagusa mkono ule kwa vidole vyake. Haikuwahi kuandikwa kabla ya hapo kwamba gorila wa msituni alimgusa mtu kwa amani. Bibi Fossey alilia kwa furaha.

Miaka ile alikwenda pia kusoma Uingereza, katika Chuo Kikuu cha Cambridge, akapata shahada ya udaktari. Yule aliyeshindwa masomo ya sayansi alipokuwa kijana, sasa alikuwa Dakta.

7. DIGIT

Kati ya gorila wote, mmoja alikuwa rafiki yake mkubwa. Aliitwa Digit, kwa sababu kidole chake kimoja kiliharibika. Alimjua tangu alipokuwa mtoto wa miaka mitano hivi. Digit hakuwa na wenzake wa rika lake katika familia, na pengine kwa sababu hiyo alipenda kuja kumtazama Bibi Fossey, kunusa glavu zake na kuchungulia kioo chake. Alipokua akawa mlinzi wa familia.

Msituni kulikuwa na majangili. Wengi wao hawakuwinda gorila. Walitega vitanzi vya waya na kamba ili wapate pongo na funo. Lakini kitanzi hakichagui. Gorila akiingiza mkono, waya hukaza. Hata akiukata waya, jeraha huoza, na hufa au hubaki kilema. Tena kulikuwa na watu waliowaua gorila wakubwa ili wachukue mtoto na kumwuza ng'ambo. Mwaka 1969 watoto wawili walikamatwa kwa njia hiyo, na jamaa zao wengi waliuawa. Bibi Fossey aliwauguza kambini, akawaita Coco na Pucker. Alitaka kuwarudisha msituni, lakini walipelekwa Ujerumani katika bustani ya wanyama. Wote wawili walikufa mwaka 1978.

Tarehe 31 Desemba 1977 majangili sita na mbwa wao waliikuta familia ya Digit. Digit alibaki nyuma kuwazuia. Alimwua mbwa mmoja. Alichomwa mikuki mitano. Familia yake ilikimbia ikapona, yeye akafa. Majangili walimkata kichwa na mikono. Mikono ya gorila ilinunuliwa na watu waliotaka kuiweka nyumbani kama pambo, na hata kufanya kisahani cha majivu ya sigara.

Mwezi Julai 1978 kiongozi wa familia ile, Uncle Bert, na jike Macho waliuawa kwa risasi. Mtoto Kweli alijeruhiwa, akafa baada ya miezi mitatu. Digit aliacha mtoto mmoja tu, aitwaye Mwelu, aliyezaliwa baada ya baba yake kufa. Uncle Bert alipouawa, familia ilikosa mlinzi. Dume mwingine akamwua Mwelu. Ndiyo tabia ya gorila: dume mpya huweza kuwaua watoto wa dume aliyetangulia, ili majike wapate kuzaa naye. Kwa hiyo jangili akimwua dume mmoja mwenye mvi, huenda ameua familia nzima.

8. UKALI WAKE

Kuanzia hapo Bibi Fossey alibadilika. Alianzisha mfuko wa fedha kwa jina la Digit. Kwa fedha hizo aliwalipa Wanyarwanda waliozunguka msituni kung'oa mitego. Waling'oa mamia kwa mamia. Hilo lilikuwa jambo jema.

Lakini alifanya na mengine. Majangili waliokamatwa alipigisha kwa majani yawashayo. Alijivika vinyago ili wenyeji wamwogope kama mchawi. Alikamata ng'ombe wa wachungaji walioingia hifadhini. Safari moja alimchukua mtoto wa jangili, akamweka kambini mpaka apate alichotaka. Fikiri, ndugu msomaji, kama angekuwa mtoto wako.

Sasa tuwaangalie na wale waliokaa chini ya mlima. Rwanda ni nchi ndogo yenye watu wengi. Mwishoni mwa miaka ya 1960 sehemu kubwa ya hifadhi, karibu hekta 10,000, ilikatwa ikawa mashamba ya pareto ya kuuza Ulaya. Msitu ukapungua, gorila wakasukumwa juu kwenye baridi. Uamuzi huo haukufanywa na mchungaji mwenye ng'ombe watatu. Watwa nao waliishi katika misitu hiyo kwa kuwinda tangu kabla ya kuwako hifadhi. Siku moja waliambiwa kwamba kuwinda ni kosa. Hawakupewa kitu kingine cha kuwalisha.

Bibi Fossey hakupenda pia mpango wa kuleta watalii. Aliona kwamba wageni wangewasumbua gorila na kuwaambukiza mafua na maradhi mengine, maana gorila hushikwa na maradhi ya binadamu. Hofu hiyo ilikuwa ya kweli. Lakini wenzake walisema kwamba bila fedha za watalii, wenyeji na serikali hawataona faida ya msitu, na mwisho utalimwa wote. Waligombana sana. Mwaka 1980 Bibi Fossey alikwenda Marekani kufundisha. Mwaka 1983 alitoa kitabu chake kuhusu gorila, kikasomwa katika nchi nyingi. Mwaka huo huo akarudi Karisoke.

9. KIFO CHAKE

Usiku wa tarehe 26 Desemba 1985 mtu aliingia katika nyumba yake ya mabati na kumkata kwa panga. Asubuhi watumishi walimkuta amekufa. Alikuwa amebakiza siku chache kufika umri wa miaka 54. Fedha zake hazikuibwa.

Mwaka 1986 mahakama ya Rwanda ilimhukumu Mmarekani mmoja aliyekuwa msaidizi wake. Huyo alikwisha rudi kwao, na amekana siku zote. Mnyarwanda mmoja aliyepata kumfanyia kazi alikamatwa pia, akafia gerezani. Watu wengi hawakuridhika na hukumu ile.

Alizikwa Karisoke, katika makaburi aliyoyatengeneza mwenyewe kwa ajili ya gorila waliouawa. Kaburi lake liko karibu na la Digit. Juu ya jiwe limeandikwa lile jina alilopewa na wenyeji, Nyiramachabelli.

10. BAADA YAKE

Je, kazi yake ilipotea? Tazama hesabu. Mwaka 1981 gorila wa milima ya Virunga walikuwa karibu 250 tu. Wengi walidhani kwamba watakwisha kabla ya mwaka 2000. Halafu ikaja vita ya Rwanda na mauaji ya kimbari ya mwaka 1994. Kambi ya Karisoke ikabomolewa. Hata hivyo wafuatiliaji nyayo walirudi kazini. Hesabu ya mwaka 2016 ilionyesha gorila 604 katika Virunga. Mwaka 2018, pamoja na wale wa Bwindi, walitangazwa kuwa wamepita 1,000. Katika jamii nzima ya sokwe wakubwa, ni nadra sana kusikia idadi inayoongezeka.

Idadi hiyo haikuongezwa na mtu mmoja. Imeongezwa na Wanyarwanda, Waganda na Wakongo wanaopanda mlima kila siku katika mvua. Katika Hifadhi ya Virunga ya Kongo peke yake, zaidi ya askari 200 wa wanyama wameuawa wakiwa kazini. Imeongezwa pia na jirani wa msitu waliokubali. Tangu mwaka 2005 Rwanda hutenga sehemu ya mapato ya watalii kwa vijiji vilivyo kando ya hifadhi. Zilianza asilimia 5, na mwaka 2017 zikawa asilimia 10. Zimejenga madarasa, zahanati na mabomba ya maji. Kila mwaka watoto wa gorila hupewa majina katika sherehe, kama Wanyarwanda wanavyowapa majina watoto wao. Watalii hutakiwa kukaa mbali na gorila na muda wao ni saa moja tu. Hapo hofu ya Bibi Fossey imesikilizwa.

Basi, ndugu msomaji, tumpime vipi mama huyu? Bila ukaidi wake, huenda leo gorila wangekuwa picha tu. Alikuwa na haki kusema kwamba mnyama akiisha haletwi tena kwa fedha. Lakini alisahau kwamba msitu una majirani, na jirani hashindwi kwa viboko. Aliwajua gorila mmoja mmoja kwa pua zao. Wangekuwa salama mapema zaidi kama angewajua hivyo na watu wa chini ya mlima.

Jambo hili liko karibu nasi. Hapa mkoani kwetu, katika msitu wa Pugu na Kazimzumbwi wilayani Kisarawe, yuko komba mdogo sana anayepatikana katika misitu michache tu ya pwani. Wengi hawajapata kumwona, maana hutoka usiku. Misitu hiyo hukatwa kwa ajili ya mkaa unaokwenda Dar es Salaam. Anayekata anataka ada ya mtoto wake. Anayelinda anataka msitu ubaki. Wote wawili wana haja ya kweli. Wakae pamoja wazungumze kabla ya shoka na panga.

MASWALI YA KUZUNGUMZA DARASANI

1. Dume mwenye mvi ana kazi gani katika familia ya gorila?
2. Kwa nini gorila wakiuawa idadi yao hairudi upesi?
3. Mzee Sanwekwe alimfundisha nini Bibi Fossey? Je, wewe unajua nini kuhusu msitu ambacho hakijaandikwa kitabuni?
4. Mtaje mtu aliyepata hasara wakati hifadhi ilipolindwa, na mtu aliyepata hasara wakati ilipolimwa pareto.
5. Nyani wakila mahindi ya kijiji, ni nini kinachoweza kufanywa ili mkulima apate chakula na wanyama wasimalizwe? Andika sentensi tatu.